Tangi la Matumbawe na Joto la Taa

Majuma matatu yaliyopita tulizungumza katika ukurasa huu habari za mtungi wa udongo, na jinsi unavyopoza maji ya kunywa pasipo friji wala umeme. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi, na aghalabu zauliza mahali pa kupata mtungi mzuri. Lakini moja ilikuwa ya namna yake. Imetoka kwa mama mmoja, mke wa askari polisi, aliyepewa kazi ya kuangalia tangi la samaki wa baharini katika ukumbi wa hoteli mjini Kampala. Ndani ya tangi hilo mna matumbawe hai. Mwenye hoteli alinunua taa mpya zenye nguvu ili wageni wazione rangi vizuri, na tangu taa hizo zifungwe, maji hupata moto kila alasiri. Matumbawe mawili yamegeuka meupe kama chokaa. Mama huyo ameambiwa kwamba yakifa, lawama itakuwa yake. Auliza kama kanuni ile ya mtungi yaweza kulisaidia tangi.

Yaweza, tena kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, mtu hawezi kupoza tangi la namna hii vema asipojua kwanza ni kitu gani kinachoumwa na joto, na kwa nini taa kali ziliwekwa.

Wengi wetu tumezaliwa mbali na bahari. Askari wetu waliotumwa Mogadishu tangu mwaka 2007 wameiona, na baadhi ya familia zimefika Mombasa kwa mapumziko. Lakini kuona maji si kuona kilichomo chini yake. Tumbawe hufanana na jiwe, au na kichaka kilichogeuka jiwe, kumbe ni mnyama. Kwa usahihi zaidi, ni jamii ya wanyama wadogo sana walioshikamana, kila mmoja akiwa na mdomo wake na mikono yake laini, nao hujijengea nyumba ya chokaa chini ya miili yao. Ndani ya nyama zao mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hufanya kazi kama ya majani ya mhindi shambani: huchukua mwanga wa jua na kutengeneza chakula, kisha humpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Hata rangi ya tumbawe, ile ya kahawia hasa, hutokana na mwani. Mnyama naye humpa mwani mahali pa kukaa, pamoja na takataka za mwili wake ziwe mbolea. Ni mapatano mazuri, lakini yana sharti moja: mwanga lazima uwepo, na uwe mwingi, kama jua la mchana katika maji meupe ya kina kifupi.

Kwa hiyo watu wanaofuga matumbawe ndani ya nyumba hulazimika kuleta jua ndani. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza katika jarida moja la wafugaji wa samaki jinsi alivyofuga viumbe vya bahari kwa mawe hai, mapovu ya hewa na mwanga wa jua wenyewe, bila mitambo mingi. Katika mji wa Townsville, Australia, lilifunguliwa mwaka 1987 tangi la matumbawe lenye lita milioni mbili na nusu, nalo liliachwa wazi chini ya mbingu. Lakini Ulaya na Marekani ya Kaskazini, penye majira ya baridi na siku fupi, wafugaji walitumia taa. Waliweka mirija mingi ya taa nyeupe na ya buluu kwa pamoja. Kisha zikaja taa za metali halaidi, jamaa ya zile zinazomulika viwanja vya mpira, za wati 150, 250 na hata 400. Matumbawe yalistawi. Joto nalo likawa mgeni asiyealikwa, maana taa ya namna hiyo ni jiko pia.

Sasa tutazame joto lenyewe. Wafugaji wengi huweka maji ya tangi la matumbawe kati ya digrii 24 na 27 za sentigredi. Yakipita 29 yafaa mtu asimame na kutazama. Yakipita 30 na kukaa hapo, hatari imeingia ndani. Nafasi iliyopo kati ya afya na maradhi ni ndogo mno. Huko baharini kwenyewe, tumbawe limezoea joto la mahali pake, na joto la maji likizidi kile kiwango cha juu cha kawaida cha majira ya joto kwa digrii moja tu, likadumu hivyo majuma kadhaa, tumbawe huanza kupauka. Mwani uliomo ndani yake, ukibanwa na joto na mwanga kwa wakati mmoja, huharibikiwa na kazi yake na kuanza kutoa sumu badala ya chakula. Mnyama humfukuza mpangaji huyo. Rangi yaondoka, na ule mfupa mweupe wa chokaa waonekana kupitia nyama iliyobaki bila rangi.

Hayo si mambo ya tangi peke yake. Mwaka 1998 bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida, na katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe yakafa. Joto lilirudi mwaka 2016, na mwezi wa Aprili mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba kupauka kulikoanza mwaka 2023 kulikuwa kumeenea dunia nzima kwa mara ya nne. Mvuvi wa Malindi hana taa ya kuzima. Mwenye tangi anayo.

Nataka maneno mawili katika habari ile yashikwe sana: joto na mwanga kwa wakati mmoja. Hapo ndipo tofauti yetu na wauza vifaa. Ukiwauliza, watakuuzia mashine ya kupoza kabla hujamaliza kusema. Mimi nasema, kipimajoto kikionyesha 30, jambo la kwanza ni kuzima taa, au kuzima nusu yake kama zimefungwa mbili mbili. Kwa tendo hilo moja umeondoa mambo mawili: joto linalotoka kwenye taa, na mwanga ambao ungeligeuza joto lile kuwa sumu ndani ya mwani. Tumbawe lenye afya halitakufa kwa kukosa taa siku mbili au tatu. Huko baharini pia huja siku za mawingu mazito na maji machafu. Wenye hoteli hawapendi ukumbi wenye giza, hilo lafahamika. Lakini wachague kati ya giza la siku tatu na mifupa ya daima.

Tena mama huyu asikate tamaa kwa sababu ya weupe. Tumbawe lililopauka bado li hai. Tazama kwa karibu: kama kuna nyama laini inayong'aa juu ya weupe, na vidomo vyaonekana usiku, mnyama angalipo na mwani waweza kumrudia ikiwa maji yatapozwa na mwanga kupunguzwa. Yaweza kuchukua majuma mengi, pengine miezi. Mfupa uliovikwa manyoya ya mwani wa kijani, au unaomeguka nyama zake na kunuka, huo umekwisha kufa, nao uondolewe usije ukaharibu maji kwa walio hai.

Basi joto hilo ni kiasi gani? Tuchukue tangi la lita 200 na taa moja ya wati 250. Tuseme nusu tu ya nguvu hiyo yaingia majini, nusu nyingine yapotea hewani na ukutani. Hesabu ya fizikia yaonyesha kwamba hiyo nusu yatosha kupandisha maji ya tangi karibu nusu digrii na zaidi kidogo kila saa. Taa ikiwaka saa kumi kwa siku, na joto lisiwe na mahali pa kutokea, maji yaliyokuwa digrii 25 asubuhi yatapita 30 kabla ya chakula cha jioni. Pampu za kuzungusha maji nazo huongeza lao. Pampu iliyozamishwa majini huacha humo joto lake karibu lote, mchana na usiku, na watu wengi hawaihesabu kwa kuwa haitoi mwanga.

Wafugaji wengi siku hizi wameziacha taa za zamani na kutumia za LED. Ni jambo zuri, maana hutoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme ule ule, na joto lake hupandia juu kupitia bati lenye mapezi na feni ndogo, badala ya kushukia majini. Lakini msomaji asidanganyike na maneno ya kwamba LED haina joto. Mwanga wenyewe, ukishamezwa na mawe, mchanga na viumbe, hugeuka kuwa joto. LED za wati 200 juu ya tangi dogo, ndani ya chumba kilichofungwa, zaweza kuwa tatizo vilevile. Na kwa kuwa Ulaya imeziacha taa za zamani, mirija ya T5 na T8 ikiwa imezuiwa sokoni humo tangu Agosti mwaka 2023, si ajabu mtu akatembezewa vifaa vilivyotumika kwa bei ya kutupa. Anayeuziwa taa ya metali halaidi ajue kwamba ananunua jiko, na kwamba atalilipia umeme mara mbili: kwanza kuliwasha, kisha kuondoa moto wake. Tena taa hiyo isiwashwe kamwe bila kioo chake cha kinga, maana aina nyingine hutoa mionzi iunguzayo macho na ngozi ya mtu, na matumbawe pia. Na tone la maji baridi likirukia glopu yake yenye moto laweza kuipasua.

Sasa turudi kwenye mtungi. Mtakumbuka kwamba maji hupenya udongo, hufika nje, na hapo hugeuka mvuke. Na kila tone linalogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwa maji yaliyobaki. Tangi ni la kioo, halivuji jasho. Lakini uso wa maji uko wazi juu, na ukipulizwa hewa hufanya kazi ile ile. Na nguvu yake si ndogo! Lita moja tu ya maji ikigeuka mvuke huondoa joto la kutosha kupoza tangi letu la lita 200 kwa digrii tatu nzima. Joto lote la taa yetu kwa saa kumi laweza kuondoka na lita mbili kasoro kidogo.

Linganisha na barafu. Wengi hukimbilia kutumbukiza chupa ya maji yaliyogandishwa. Chupa ya lita moja ya barafu, hata ikiyeyuka yote na maji yake kupata joto la tangi, itapoza tangi lile kwa nusu digrii tu. Utahitaji chupa sita kufanya kazi ya lita moja ya mvuke, na friji yako itakuwa imechoka. Barafu ni ya dharura: chupa iwe imefungwa barabara, iwekwe mbali na matumbawe, na maji yasishushwe zaidi ya digrii moja kwa saa. Kushusha kwa ghafla ni kuongeza pigo juu ya pigo.

Kwa hiyo feni. Haihitajiki kubwa, feni mbili ndogo za volti 12, kama zile za ndani ya kompyuta, au feni ya mezani iliyowekwa imara pembeni, zatosha kwa tangi la nyumbani. Hewa ipite juu ya uso wa maji kwa mshazari, iingie upande huu na kutokea upande wa pili. Aghalabu maji hushuka digrii mbili au tatu. Kifuniko cha kioo kiondolewe, kwa kuwa huzuia mvuke na kulifanya tangi kuwa sufuria. Badala yake tandaza wavu mwembamba ili samaki wasiruke nje. Dirisha au mlango uachwe wazi, maana chumba kikijaa mvuke, kazi yasimama. Hapo ndipo wanapokosea wale wanaoficha chombo cha maji na mabomba ndani ya kabati lisilo na tundu.

Je, feni yaweza kushusha maji hadi wapi? Kuna njia rahisi ya kupima, nayo yafaa pia kwa mtungi. Chukua kipimajoto cha kioo, funga ncha yake kwa kitambaa chembamba cha pamba kilicholowa maji, kisha kipepee mbele ya feni dakika chache. Joto litakaloonekana ndilo mpaka. Feni haiwezi kushusha maji chini ya hapo, hata ukiweka kumi. Katika siku kavu ya Kampala tofauti na joto la hewa yaweza kuwa digrii tano au sita. Katika siku ya mvua, au pwani ambako hewa imejaa unyevu, tofauti ni ndogo, na mwenye tangi huko ana haki ya kufikiria mashine.

Sharti la mvuke ni moja, nalo ndilo linalowaua wengi baada ya kuwa wamekwisha kushinda joto. Maji huondoka, chumvi haiondoki. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kilo moja. Ikiwa lita mbili zatoweka kila siku katika tangi la lita 200 na hakuna anayejazia, baada ya juma moja chumvi itakuwa karibu gramu 38, na baada ya majuma mawili karibu 41. Kwa hiyo jazia kila siku, kidogo kidogo, mpaka alama uliyoiweka kwenye kioo. Na jazia maji matamu, si ya chumvi! Ukijazia ya chumvi unaongeza ugonjwa. Maji yenyewe yawe safi kabisa, yale yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa madini au yaliyotoneshwa kwa mvuke. Maji ya bomba yana klorini. Maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati huchukua zinki na uchafu wa paa, na wanyama wa namna hii hawavumilii madini hayo. Shaba ni mbaya zaidi. Msikubali fundi atakayetaka kupitisha bomba la shaba ndani ya tangi ili kupoza maji, hata kama shaba hupitisha joto vizuri. Itaua kila kisicho na uti wa mgongo.

Wako wanaojaribu kuviringisha mpira wa maji ndani ya friji ndogo na kurudisha maji tangini. Mimi sipendi njia hiyo. Friji ya nyumbani imeundwa kutunza baridi iliyokwisha kupatikana, si kuondoa joto linalomiminwa bila kukoma kwa saa kumi; itanguruma mchana kutwa, iharibike, na chakula cha watoto kioze. Mashine hasa ya kupoza tangi ina kompresa kama ya friji lakini yenye nguvu ya kazi hiyo. Hutimiza kazi, ila ni ghali, hula umeme, na joto inalolitoa majini hulimwaga chumbani. Ikifungiwa kabatini chini ya tangi, itakuwa yalizungusha joto lile lile. Iwekwe mahali pa wazi, au nje ya ukuta.

Kwa sisi tunaoishi Kampala kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilisemi. Mji wetu uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi, hata digrii 17 au 18. Chumba chenye madirisha wazi hupoa sana, na tangi nalo hupoa. Basi maji yanayofika 30 alasiri yaweza kushuka hadi 22 alfajiri, na mshuko huo wa kila siku humchosha mnyama kama vile askari anayebadilishwa zamu ya usiku na ya mchana bila kulala. Hivyo hita yenye kidhibiti ni ya lazima, ipangwe 25, na feni iwe na kidhibiti chake, ipangwe 27. Zikipangwa karibu mno zitashindana, moja yapasha na nyingine yapoza, na mita ya umeme yacheka. Faida ya usiku wetu ni kwamba mwanga waweza kusogezwa. Tumbawe halijui saa ya ukutani. Lataka saa nane hadi kumi za mwanga na giza baada yake, kwa utaratibu ule ule kila siku. Mwanga ukianza saa nane mchana na kuisha saa nne au saa tano za usiku, sehemu kubwa ya muda wake itaangukia saa zenye hewa baridi. Ukumbi wa hoteli hupata wageni wengi jioni vilevile. Lakini usihamishe saa kwa siku moja. Sogeza nusu saa kila siku.

Kimo chetu chaleta jambo la pili, nalo ni oksijeni. Maji yenye joto hushika hewa hiyo kidogo kuliko ya baridi. Lita ya maji ya bahari, huko usawa wa bahari, hushika kama miligramu 6.7 ikiwa digrii 25, na 6.2 hivi ikiwa digrii 30. Hapa kwetu, kwa kuwa hewa ni nyepesi, ondoa karibu sehemu moja katika nane. Na wakati huo huo samaki katika maji ya moto hupumua kwa kasi zaidi, yaani ahitaji zaidi wakati kilichopo kimepungua. Samaki wakionekana wakipumulia juu, karibu na uso wa maji, hilo ni jambo la dakika, si la saa. Elekeza pampu iuvunje uso wa maji, na weka mapovu ya hewa. Feni nayo husaidia.

Umeme ukikatika, watu hufikiri mara moja habari za baridi na joto. Sivyo. Taa zimezimika, kwa hiyo joto limekoma kuingia. Maji mengi hayabadiliki joto upesi. Kinachokufa kwanza ni mzunguko wa hewa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, yenye bei nafuu kuliko glopu moja ya taa, ndiyo iwekwe karibu na tangi, betri zake zikikaguliwa kila mwezi kama tochi ya mlinzi. Isipokuwepo, chota maji kwa jagi safi na kuyamimina kutoka juu, dakika chache kila robo saa, usiku kucha ikibidi kwa zamu.

Na maadamu tunataja umeme: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida, na feni iliyowekwa ovyo yaweza kuanguka humo. Ifungwe kwa skrubu, si kwa kamba. Kila waya uachwe ulegee na kushuka chini ya kimo cha soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili matone yadondoke sakafuni yasifuate waya. Saketi iwe na swichi ya usalama inayokata mara umeme unapovuja. Kabla ya kutia mkono majini, zima. Kwa wenye watoto wadogo sina la kuongeza.

Wasomaji wa kambini pengine watauliza kama nawashauri kufuga matumbawe. Kwa maoni yangu, la. Gharama ni kubwa, na samaki wadogo wa ziwa letu, wale nkejje wenye rangi za moto na samawati, hupendeza sana bila taa kali wala chumvi. Ningekuwa na hoteli, ningeweka hao. Lakini anayekabidhiwa viumbe hai hawezi kuwarudisha baharini kwa basi, yampasa awatunze. Na wale watakaokwenda pwani kwa likizo wasishawishike kubandua kipande cha tumbawe na kukificha katika mzigo. Matumbawe yote magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hayavuki mpaka pasipo hati. Na kipande hicho, kilichobanduliwa kutoka mwamba uliopigwa na joto mara kadhaa tangu mwaka 1998, kitakufa njiani kabla ya kufika Malaba.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutajibu zile barua za mtungi, pamoja na namna ya kutambua udongo uliochomwa vizuri kwa kuugonga kwa kidole.